Bega la Kulia

Nianze na bega, maana ndilo lililonilisha na ndilo lisiloniacha mpaka leo.

Kaka yangu alikuwa na kawaida ya kushusha bega la kulia kila alipotaka kupiga mpira. Mimi ndiye niliyekuwa golikipa wake. Timu hatukuwa nayo. Tulikuwa na kiwanja nyuma ya boma letu kule Rangwe, vijiti viwili vya kuwa goli, na mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Yeye anapiga, mimi nadaka. Watu waliokwenda sokoni walisimama njiani wakacheka, eti msichana mzima anajitupa mavumbini, nani atamwoa. Wakisema hivyo najitupa zaidi. Nilikuwa na hasira za karibu tangu utotoni na sidhani zimepungua. Lile bega likishuka kidogo, nilijua mpira unakuja chini. Likishuka sana, unakuja juu. Sikumwambia kamwe. Mpaka anakufa alidhani dada yake ana macho ya ajabu.

Shuleni kwetu mpira wa miguu ulikuwa wa wavulana, basi nikacheza netiboli, nikiudaka ule mpira kwa chuki. Karo ilipokwisha nilipelekwa chuo cha ufundi kujifunza cherehani. Kaka akashuka ziwani, Sori, kubeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufukweni hadi kwenye malori. Gunia lilikaa bega lilelile, siku baada ya siku, miaka minne. Bega ambalo zamani lilishuka kwa hiari yake sasa likashuka moja kwa moja. Alicheka akasema ziwa limempa kilema cha fowadi. Jioni aliichezea timu ya ufukwe huo, na huko nako alikuwa moto.

Alikuwa na jezi moja aliyoipenda kuliko nguo zote. Nyekundu, nambari tisa mgongoni, kola nyeupe. Aliichagua mwenyewe kwenye marundo ya mitumba. Kwa sababu ya lile bega ilimteleza upande mmoja, akampa fundi wa Sori aipunguze upande wa kulia. Baada ya hapo ilimkaa sawasawa. Ukiitandaza mezani unaona imekaa upande, lakini akiivaa yeye, loo, imenyooka.

Mimi wakati huo nilikuwa Homa Bay, na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu aliyetoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni, na akanicheka bila kunidharau. Aliniita binti. Nilishona sketi za shule, sketi, sketi, tena sketi. Siku ambayo kaka anacheza nilifunika cherehani nikaenda. Mzee alisema hajaona fundi anayefunga kazi kwa ajili ya mpira. Nikamwambia basi ndiyo umeona.

Kisha kaka akaanza kukonda.

Sitaki kueleza sana, kwa sababu aliyeishi kwetu miaka ile hahitaji kuelezwa. Hospitalini walitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya chini. Nyumbani walisema ni chira, ule ugonjwa unaomla mtu kwa sababu mwiko umevunjwa mahali fulani na mtu fulani. Kila boma lilikuwa na neno lake, na kila boma lilikuwa na kaburi bichi. Mke wake alimwosha, akamlisha uji, akamgeuza ubavu hadi siku ya mwisho. Alikuwa mwanamke wa Magunga, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Walikuwa na binti mmoja, ndio kwanza ameanza kusema maneno yanayoeleweka.

Tulimzika Rangwe. Timu ya Sori ilikuja kwa lori, wakaimba, wakalizunguka kaburi kwa mbio za mazoezi, wanaume wazima wanalia huku wanakimbia. Kabla hawajaondoka kapteni wao alinijia. Alisema watafanya mashindano ya kumkumbuka, wagombee fahali, na timu nzima wanataka kuvaa jezi nyekundu iliyo sawa na yake. Za dukani hawaziwezi. Je, mimi naweza kushona?

Nikasema naweza. Sikuwa nimewahi kushona jezi maishani mwangu. Lakini nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la mtu aliyenifundisha mpira, nikaona kama ni yeye anayeniuliza. Na niseme ukweli wote: niliona pia mlango wa kutokea kwenye sketi.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima lieleweke. Nguo za marehemu hazitolewi nje, hazifuliwi, wala hazivaliwi na mtu, mpaka wazee wakae siku yao wazigawe. Baba mkubwa alikuwa amekwisha tamka kwamba jezi itakwenda kwa binti wa marehemu, kwa sababu ndicho kitu ambacho mtoto angekikumbuka mwilini mwa baba yake. Nililijua hilo. Nilikuwepo lilipotamkwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia nyumbani kwa marehemu wakati wanawake wamekwenda mtoni. Jezi ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kitanda. Nilijiambia nitaipima tu, kesho kutwa imerudi. Nikaikunja nikaiweka chini ya leso niliyojifunga. Nilipotoka, mke wake alikuwa ghalani, amenipa mgongo, anapepeta mtama. Nikapita kimya nikaenda zangu.

Kule Homa Bay nikaitandaza mezani na utepe wangu wa kupimia. Upana, urefu, shingo, yote nikayapata. Lakini kwapa lilinishinda. Kwapa la jezi si kwapa la blauzi ya shule. Mchezaji lazima ainue mkono bila nguo kumvuta. Nilikata nikakosea, nikakata nikakosea, nikaharibu kitambaa cha mzee mpaka nikaona haya. Fundi yeyote atakwambia kuna njia moja tu ya kuijua nguo: uifumue. Nikachukua wembe nikafumua mishono ya jezi ya kaka yangu, mmoja mmoja. Nikabaki na mgongo, kifua, mikono miwili na kola. Nikavilaza vipande juu ya mfuko wa saruji uliokatwa, nikazungushia chaki. Ile karatasi ndiyo iliyozaa jezi zote nilizowahi kushona.

Nilikusudia kuirudisha. Vipande vyote vilikuwepo, kazi ya nusu siku tu. Lakini jezi za Sori zilipotoka, zikapendwa mno. Kabla sijashika sindano, timu mbili nyingine zilizokuja kwenye mashindano zikataka zao. Nikasema nimalize hizi kwanza. Kumbe baba mkubwa alitakiwa kurudi kazini kwake mbali, wazee wakaiwahisha siku ya kugawa. Habari ilinifikia asubuhi ya siku yenyewe. Nilipanda kwenda Rangwe mikono mitupu. Jezi ilikuwa Homa Bay, vipande vitano chini ya mawe ili isikunjamane.

Walileta nguo nje. Suruali mbili, koti, viatu vya mpira, kandambili. Baba mkubwa akauliza jezi iko wapi. Mjane akasema ilikuwa msumarini. Msumari ulikuwepo.

Shangazi mmoja, na Mungu anisamehe kwa ninavyomchukia mpaka leo, akasema alimwona mjane siku ya soko na kifurushi. Mwingine akakumbuka kwamba jezi za mitumba zinanunuliwa haraka. Mwingine akauliza mwanamke gani anauza nguo ya mumewe kabla udongo haujakauka. Maneno yalipanda yenyewe kwa yenyewe. Mjane hakubisha. Aliniangalia mimi mara moja, akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nilijua ninachopaswa kusema, ni maneno manne tu: jezi ni mimi nimeichukua. Nikahesabu vitakavyofuata. Ikijulikana kwamba jezi nyekundu za Sori zimekatwa juu ya nguo ya maiti ambayo haijagawiwa, hakuna mchezaji katika nchi yote ile atakayeingiza kichwa chake katika kazi yangu. Watasema inabeba chira. Watazivua uwanjani. Nitarudi kwenye sketi hadi nizeeke. Sinia halikutetemeka hata kidogo. Nikamimina chai.

Mjane alirudishwa kwao Magunga na mtoto wake. Nguo zilizobaki waligawiwa wanaume. Binti hakupata kitu.

Basi hapo ndipo biashara yangu ilipoanza, na ikaenda mbio. Miaka ile hazikupita wiki mbili bila mashindano ya kumkumbuka mtu. Mwalimu amekufa, kombe lake. Dereva amekufa, mbuzi wawili. Kila marehemu alipata timu, na kila timu ilitaka jezi, na fundi wa jezi alikuwa mmoja. Watu walikuja barazani macho mekundu wananiagiza rangi. Mimi nawauliza saizi. Nilifanya kazi nzuri, hilo sitajidharau. Nilijua mpira, nikajua kwapa, nikajua jasho linakaa wapi, mambo ambayo wale wauzaji wa Kisumu hawakuyajali. Nikaongeza soksi, nikaongeza mipira ya ngozi, nyavu, filimbi za refa. Mzee wa pwani alipochoka akarudi kwao, nami nikachukua duka zima. Lakini nilikuwa nakula matanga. Nilijua hivyo kila asubuhi nilipofungua mlango.

Na bega likanifuata.

Jezi ile ilikuwa imepunguzwa upande wa kulia, kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa imepunguzwa upande wa kulia, kwa hiyo kila jezi niliyoshona ilivuta bega la kulia chini kidogo. Mzee aliliona kabla ya wote. Aliinua moja akaishika kwenye mwanga, akaniuliza, "Binti, mbona bega hili limelala?" Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi. Hakuniuliza tena. Nilijaribu kulisawazisha. Naapa nilijaribu. Nilichora karatasi mpya yenye mabega sawa, nikashona jezi moja, ikanikaa machoni kama nguo ya mtu nisiyemjua. Niliitupa. Karatasi ya saruji ilipochakaa nilitoa vipande kwenye bahasha ya kaki nilimovihifadhi, nikavilaza upya, nikazungushia chaki upya, nikavirudisha. Nimefanya hivyo mara nyingi nisizozijua idadi.

Uwanjani ndiko kulikokuwa kubaya. Mtu mwingine anaona mechi. Mimi naona watu ishirini na wawili wamevaa kazi yangu, na kila mmoja bega la kulia liko chini. Kila mmoja anakaribia kupiga. Hawapigi, wanatembea tu, wanafunga kamba za viatu, wanakunywa maji, na bega liko chini vilevile. Mwili wangu hauelewi. Mwili wangu ni golikipa. Nikikaa pembeni ya uwanja magoti yanakaza, vidole vinafunguka, nangoja mpira ambao hauji. Siku moja kule Migori nilijikuta nimesimama nimeinua mikono miwili wakati mchezaji anaenda zake kuchukua kona. Watu wakacheka, wakasema mama wa jezi ameshikwa na mpira. Nikacheka nao. Ziko siku nilizomwona kaka mwenyewe, upande wa mbali wa uwanja, mgongo wake, tisa yake. Sikuogopa. Nilimwonea haya.

Mama yangu hakujua lolote. Alijivunia duka, akajivunia mimi, na mara moja moja alimkumbuka mjukuu. "Yule mwizi alituibia jezi," alisema, "halafu akatunyima hata mtoto." Alisema hivyo akila chakula nilichomnunulia. Nikamwongezea mboga.

Mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyobeba madaraja, nilifungua duka la pili, Migori, karibu na barabara ya kwenda mpakani. Wateja walikuwa Wajaluo, Wakuria, walimu, vyama vya wakulima wa tumbaku, hata watu wa upande wa Tanzania. Siku ya kufungua nilimleta mama akate utepe. Aliushika mkasi wangu kwa mikono miwili akawaambia watu, kwa Kiswahili chake kidogo ili wote wasikie, "Mtoto wangu hakuchukua kitu cha mtu. Ameanza na mikono yake." Walipiga makofi. Mimi nikatoka nyuma ya duka nikaanza kuulizia lori la kwenda Magunga.

Juma lile lile nilipata nafasi kwenye lori la mbolea linaloelekea Magunga. Nilibeba bahasha ya kaki kifuani. Njia nzima nilipanga maneno. Nitasema ni mimi. Nitamrudisha Rangwe mbele ya wazee, nitarudia mbele yao, wateja waache kununua wakitaka. Nitamlipia binti shule. Nilikuwa na hotuba nzima. Upande ule ng'ombe ni wachache, na nzi wa mbugani wanauma hata juu ya nguo, nikawa najipiga makofi kila mara kama mwendawazimu, na dereva ananiuliza kama naenda msibani. Nikasema ndiyo.

Nilimkuta uani anachambua maharagwe. Alikuwa mzima. Amekonda, lakini mzima, na miaka yote nilikuwa nimejiandaa kukuta kaburi. Hakushtuka. Akaniita wifi, akaniletea kiti, akaniletea maji, akauliza habari ya mama na habari ya mashamba na habari ya mvua, yote kwa utaratibu wake, mpaka nikaona nitapasuka. Binti yake alitokea akanisalimia akatoka, miguu mirefu. Alitembea mabega yake yakiwa sawa. Sijui kwa nini hilo liliniuma.

Nikasema. Hotuba ilinipotea yote. Nikasema jezi ni mimi niliyeichukua, na nilikuwa nimesimama pale na sinia, na nilinyamaza.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Najua. Nilikuona."

Akaeleza polepole. Pale ghalani alikuwa amenipa mgongo, ndiyo, lakini aligeuka nilipokuwa naufikia mlango wa boma, akaona kola nyeupe imejitokeza chini ya leso. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya wazee. Walimwita mwizi. Walimfukuza. Neno moja tu lingemwokoa.

"Wewe ndiye uliyecheza naye," akasema. "Mimi nilikuwa na mtoto wake. Wewe ulikuwa huna kitu. Nilijua umeichukua ili ulie nayo, nikasema nitakuachia."

Hapo maharagwe yakawa yamekwisha. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye nguo yake, akainyoosha mbele yangu. Nikatoa bahasha. Nilitaka kumwambia asiifungue, au aifungue nikiwa nimeondoka, lakini tayari alikuwa ameifungua. Akavitoa vipande kimoja kimoja akavilaza mapajani. Kola. Mkono. Mkono. Kifua. Mgongo wenye ile tisa. Kingo zilikuwa zimechanika na kujaa alama nyeupe, mstari juu ya mstari, na matundu ya pini. Akavitazama kwa muda mrefu akijaribu kuelewa nguo hii imefanyiwa nini. Nikaona anaelewa.

Kisha akauchukua mgongo kwa mikono miwili, akaufunika usoni, akavuta pumzi. Akangoja. Akavuta tena.

"Ina harufu ya chaki," akasema.